Karatasi ya Jezi Nambari Nane

Kazi ya Husseini ilikuwa kukaa. Miaka ishirini na sita alikaa nyuma ya cherehani yake hapo Faza, miguu kwenye pedeli, futi ya kupimia shingoni, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamikia mgongo. Lakini tangu Jumapili ile ya kadi nyekundu, kiti kilimkataa. Akikaa, anasimama. Akisimama, anakwenda mlangoni. Akifika mlangoni anakumbuka hana anachokifuata, anarudi, anatunga uzi kwenye sindano, uzi unakatika, anasimama tena. Kanzu ya bwana harusi ilikuwa mezani na mkono mmoja tu, na bwana harusi mwenyewe alishapita mara tatu kuiulizia.

Na kila aliyepita barazani alikuwa na la kusema, na lilikuwa lile lile.

"Husseini! Jumanne twenda sote Amu. Yule refa kipofu atatutambua!"

Husseini aliinua mkono, akacheka kidogo, akaangalia pembeni. Watu wakasema, mwone, ana hasira huyu, hata kusema hawezi. Laiti wangalijua.

Mzizi wa fitina wenyewe ulikuwa jezi. Timu ya Faza, Mwangaza, ilianza na jezi kumi na nne nzuri za kijani, na Husseini ndiye aliyekuwa meneja na mtunza jezi, kazi mbili asizolipwa na alizozipenda kuliko ile anayolipwa. Jezi moja ilichanika vipande viwili kule Kizingitini. Moja aliazimwa kijana akahama nayo kwenda Malindi. Ya tatu, nambari kumi na nne, aliila punda. Sisemi kwa mzaha. Rawiya, mke wa Husseini, aliianika kambani baada ya kuifua, akaingia ndani kugeuza mkate, na alipotoka punda alikuwa amefika kwenye ile nne na anaielekea moja. Zikabaki kumi na moja, ya kipa ikiwemo.

Kwa hiyo mchezaji wa Mwangaza akitolewa, alikuwa akivua jezi pembeni ya uwanja, mwenzake anaivaa ikiwa bado ina jasho la moto, anaingia. Si wao peke yao. Visiwani timu nyingi zilicheza hivyo, na hakuna aliyeona ajabu. Marefa wa zamani hawakumjua mchezaji kwa nambari. Walimjua kwa mamake. "Wewe mtoto wa Bi Nusra, kadi!" Mambo yakaisha.

Mwaka huu kamati ya ligi kule Amu, yaani Lamu mjini, ikaleta barua. Kila mchezaji na jezi yake, kila jezi na nambari yake. Na kila badiliko liandikwe kwenye karatasi: nani anatoka, nani anaingia, nambari ngapi, dakika ya ngapi, karatasi ikabidhiwe refa mkononi. Husseini ndiye aliyeisoma barua hiyo mbele ya vijana, kwa sauti yake ile ya kutangaza maiti na harusi, kisha akajipiga kifua.

"Nguo n'nayo. Kabla ya nusu fainali tashona jezi tatu mpya. Hilo niwatiyani mimi."

Wakamwachia yeye. Nguo ya kijani ilikuwapo kweli, imekunjwa chini ya cherehani. Lakini ulikuwa msimu wa harusi, kanzu juu ya kanzu, na kila jioni Husseini aliisukuma nguo ile kwa mguu apate nafasi ya pedeli, akisema kesho. Nusu fainali ikafika. Ya kijani ilikuwa bado imekunjwa, na ina vumbi.

Sasa, lazima niseme ukweli kuhusu watu wa Faza, maana wameitwa wakorofi na si haki. Walikuwa wamechoka, na walikuwa na sababu. Msimu ule walinyimwa penalti ambayo hata kipa wa wapinzani alikuwa ameshaanza kuipangia mikono. Walifungwa goli na mtu aliyekuwa ameotea mpaka karibu anywe chai na kipa. Na mara moja refa alimaliza mchezo dakika ya themanini na mbili, kwa sababu maji yalikuwa yanatoka Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, na mashua yake ingekwama kwenye matope. Alipuliza huku keshakunja suruali. Mtu akifanyiwa hayo mara tatu, mara ya nne haulizi. Analipuka.

Ya nne ikamwangukia Mwalimu Cherono.

Alikuwa mwalimu wa shule huko Amu, mzaliwa wa bara, mwaka wake wa tatu visiwani. Mwembamba, mwepesi, anakimbia pamoja na mpira kana kwamba yeye ndiye anayeufuga. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupuliza kipenga katika uwanja wa Faza, na kipindi cha kwanza, wallahi, alichezesha vizuri. Dakika ya ishirini kiungo wa Mwangaza, Abdulwahid, aliyevaa nambari nane, alimkata mtu wa Matondoni, wapinzani wao siku ile, miguu miwili, akapewa kadi ya manjano. Hata mamake hakulalamika.

Mapumziko yakaja, bao moja kwa moja. Abdulwahid alikuwa anachechemea. Kocha akasema aingie Mahir, mtoto wa ami yake, mwembamba vile vile, mrefu vile vile, na nywele walinyolewa siku moja na kinyozi mmoja. Husseini akaandika karatasi. Anatoka Abdulwahid. Anaingia Mahir. Dakika ya arobaini na sita. Kwenye nafasi ya nambari kalamu ikasita, kisha akaandika nane, maana haikuwapo nyingine.

Akaanza kumwendea refa. Alikwenda hatua tano. Mwalimu Cherono alikuwa amesimama kivulini anakunywa maji, kijitabu chake mkononi, anafunua kurasa. Husseini akaona yatakayofuata: ataisoma, atauliza jezi ya Mahir iko wapi, atasema bila jezi yake haingii. Kocha atageuka, wachezaji watageuka, uwanja mzima utageuka kumtazama fundi aliyejipiga kifua. Husseini akasimama. Akapapasa shati kama mtu aliyesahau miwani, akageuka, akaitia karatasi mfukoni.

"Ingia," alimwambia Mahir nyuma ya benchi. "Vaa hiyo ya Abdulwahid. Upesi."

Dakika ya sabini Mahir alimvuta jezi winga wa Matondoni. Kosa dogo. Refa akatoa kadi ya manjano, akafungua kijitabu, akaangalia, akaangalia mgongo wa Mahir. Kisha akatia mkono mfuko wa nyuma na kutoa nyekundu.

Uwanja ulitulia kwa muda wa kumeza mate, halafu ukapasuka. Kila mtu alikuwa ameona kwa macho yake: Mahir hakuwa na kadi, kadi ilikuwa ya Abdulwahid! Mwangaza wakacheza kumi, na dakika ya themanini na nane Matondoni wakafunga la pili. Kipenga cha mwisho kilipolia watu waliingia uwanjani wote, wake kwa waume. Askari wawili waliokuwapo walimweka Mwalimu Cherono katikati yao, naye akapaza sauti, "Nambari nane ana manjano mbili! Sikuletewa karatasi ya mabadiliko! Muulizeni meneja wenu!"

Mselem, mwenye ngoma, mkuu wa mashabiki na sahibu wa Husseini tangu chuo cha Kurani, akageuka.

"Husseini! Hukumpa karatasi?"

Macho yote yakamgeukia, yale yale aliyoyakimbia mapumziko. Husseini akaisikia sauti yake ikitoka, ile kubwa ya matangazo.

"Nalimpa! Nalimpa mkononi mwake mimi mwenyewe!"

Hivyo tu. Maneno matano au sita. Kabla ya Magharibi yalikuwa yamefika Kiunga kwa simu. Kufika asubuhi, Mselem alikuwa ameshaandika rufaa: refa alipewa karatasi kwa mkono, akaipuuza, shahidi ni Bwana Husseini, mtu mzima, mwadilifu. Kamati ikajibu upesi kuliko kawaida yake. Kesi itasikizwa Jumanne ya pili yake. Rufaa ikikubaliwa mchezo unarudiwa, na refa anafutwa kwenye orodha.

Ndiyo maana kiti kilimkataa.

Jumatatu, siku moja kabla ya kesi, Husseini alitoka kuswali Adhuhuri, akarudi, akaketi kujaribu tena mkono wa kanzu. Chini ya mguu wa cherehani, mahali pa kitambaa, palikuwa na kijikaratasi kimebanwa sawasawa, tayari kushonwa. Anatoka Abdulwahid. Anaingia Mahir.

Rawiya alikuwa amesimama mlango wa ndani, mikono ina povu la sabuni.

"Nimeikuta kwenye shati lako la Jumapili," alisema. "Kidogo tu ingaliingia majini."

"Ungaliiwata iingie, wino ufutike."

"Na yule mwalimu wa watu?"

Husseini akasimama. Akaenda mlangoni, akarudi.

"Rawiya, msimu mzima tumedhulumiwa. Wewe ulikuwako. Yule wa penalti alifutwa? Yule aliyekimbilia mashua alifutwa? Yambo moya tu, moya, likitugeukia sisi, dunia itapasuka?"

"Hao waliokudhulumu si yeye."

"Wote ni marefa."

"Na wewe na punda wangu nyote mumekula jezi," alisema Rawiya, "lakini yeye simlaumu, hakuahidi mtu."

Kwa kawaida Husseini angecheka. Hakucheka. Rawiya akafuta mikono kwenye leso, akasema kwa sauti ya chini kuwa wifi yake ana mtoto anayesomeshwa na Cherono huko Amu. Mwezi ujao mwalimu huyo alikuwa aende Mombasa kufanya mtihani wa beji, achezeshe ligi ya taifa. Miaka mitatu anaamka alfajiri kukimbia ufukweni kwa ajili hiyo. Sasa akigeuka kuandika ubaoni, watoto nyuma wanafumba mato kama vipofu na kupapasa hewa.

"Kesho utasema nini?" akauliza.

"Sijui."

"Hujui?"

"Rawiya, Mselem ni sahibu yangu miaka arubaini! N'tamwambia nini?"

Alisikia beseni likisogezwa uani, na maji yakimwagwa. Husseini aliitoa karatasi chini ya mguu wa cherehani akaishika, hajui aichane au aimeze, mwishowe akairudisha mfukoni ilikotoka.

Jumanne mashua mbili za injini ziliondoka Faza maji yakiwa yamejaa, zimebeba mashabiki arobaini na kitu na ngoma mbili. Husseini alibeba begi la jezi. Mselem alitaka kamati iione nambari nane kwa macho. Njia nzima waliimba jina lake. Husseini aliinuka akakaa, akainuka akakaa, mpaka nahodha akamkemea.

"Kaa, Bwana, utatuzamisha na ushahidi wako!"

Wakacheka wote. Mselem akamshika bega, akamkalisha kwa upendo, akabaki na mkono hapo hapo begani mpaka Amu. Husseini aliuhisi mkono ule kila mashua ilipoyumba.

"Saa saba lazima tuwe tumeondoka," nahodha alisema walipofunga kamba gatini. "Maji yakitoka Mkanda tutakwama, tulale ndiani."

Chumba cha kamati kilikuwa ghorofani, kina feni moja inayokokota. Mwenyekiti, Bwana Mugambi, afisa aliyetoka bara, alikuwa mtu wa kuheshimu saa. Mwalimu Cherono alikaa upande wa dirisha, kijitabu chake juu ya magoti. Alikuwa amekonda. Kutoka barabarani ngoma ya Mselem ilipanda, na ndani yake neno moja: kipofu, kipofu, kipofu. Bwana Mugambi akaamuru dirisha lifungwe. Halikuzuia kitu.

"Mwalimu," alisema, "tuanze na wewe. Uliletewa karatasi ama hukuletewa?"

Husseini alijiandaa kukana na kukaniwa. Alikuwa ameshakaza taya. Akimwita mwongo, naye atamwita mwongo, ndiyo kesi, ndiyo mpira.

Cherono alifungua kijitabu akakifunga.

"Siku ile nilisema sikuletewa," alianza. "Niliamini hivyo. Lakini nimefikiria sana hizi siku tisa, silali. Bwana Husseini ni mtu mzima. Nimeuliza watu, kila mtu ameniambia huyo mzee hana uongo. Sasa mimi nani? Sidhani mtu kama yeye anaweza simama mbele ya watu wote aseme kitu hakufanya." Akakifungua tena kijitabu. "Pengine nilipewa nikaiangusha. Kulikuwa na fujo, nilikuwa nakunywa maji. Sikumbuki kuipokea, lakini kama yeye anakumbuka, basi ni mimi nilikosea. Naomba msamaha kwa watu wa Faza. Filimbi niko tayari kurudisha."

Akaitoa shingoni, akaiweka mezani mbele ya Mugambi. Kamba yake ilikuwa imefifia rangi pale inapogusa jasho.

Husseini alitazama kipenga kile, na uso ukamwaka moto mpaka masikioni. Matusi angeyastahimili. Angetukanwa nasaba yake mpaka babu wa saba angekaa kimya na kusema uongo wake vizuri tu. Lakini mtu huyu alikuwa ameuchukua uongo wa Husseini, akaufanya kosa lake, na sababu aliyoitoa ilikuwa heshima. Aliona haya. Hakuwahi kuona haya namna ile tangu azaliwe.

"Vizuri," alisema Mugambi, akafunua kalamu. "Hiyo imerahisisha. Bwana Husseini, wewe thibitisha tu kwamba ulimpa, tumalize, watu wa Faza muwahi maji."

Husseini akasimama. Alitia mkono mfukoni, na mkono ukatoka na karatasi.

"Sikumpa," alisema.

"Wasemaje?"

"Sikumpa. Hii hapa. Nalikwenda hatua tano nikarudi. Jezi za akiba sikuzishona, na nalijua yakitajwa yale yataniaibisha, nikaificha. Mahir aliingia kwa jezi ya mwenziwe na mwalimu hakuambiwa. Huyu hana kosa. Alifuata sawasawa barua yenu."

Mugambi aliisoma karatasi, akaipiga picha kwa simu, akamrudishia mwenyewe bila kumtazama. Uamuzi haukuchukua hata nusu saa. Kadi ya Mahir ilifutwa, na pamoja nayo ikafutwa timu nzima: Mwangaza walichezesha mtu asiyeandikishwa, Matondoni waende fainali. Husseini asikanyage karibu na benchi miaka miwili. Mwalimu Cherono aliokota kipenga chake mezani. Hakusema ahsante wala hakumwangalia Husseini.

Mwalimu aliposhuka ngazi, Husseini alimtangulia kwa makusudi. Kundi lilipoona mlango unafunguka lilipaza sauti, kipofu, kipofu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya mpira Husseini aliisikia sauti ile ikimjia usoni. Alizoea kuisikia ikitoka nyuma yake. Akainua karatasi juu.

"Nyamazani! Karatasi hii hapa. Sikumpa! Mimi ndiye nalosema uongo."

Ngoma ikanyamaza. Mselem alikuja mpaka mbele yake, akaichukua karatasi, akaisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba huko kungekuwa na habari nyingine.

"Mimi nalikuuliza," alisema taratibu. "Mbele ya watu. Mimi, Husseini."

"N'mekosa, Mselem."

"Nimeandika jina lako kwenye barua. Mwadilifu, nimeandika."

Mselem alimrudishia karatasi, kisha akamvua begi la jezi begani, polepole, kamba moja kisha ya pili, kama mtu anayemvua mtoto nguo zilizoroa. Miaka kumi na moja begi lile halikubebwa na mtu mwingine. Akalitupia kwa Mahir. Mahir akalidaka, akatazama chini.

Hapo ndipo mmoja akapiga ukelele nyuma, na wengine wakaudaka, na Husseini alitukanwa kwa kila jina alilowahi kumwitia refa yeyote, mengine akiyatambua kuwa ni yake mwenyewe, aliyoyabuni. Alisimama akayapokea. Halafu nahodha akaita kutoka gatini kuwa maji hayamngoji mtu, na wote wakateremka mbio. Husseini aliwafuata. Alipofika, mashua ya kwanza ilikuwa imeshaondoka na ya pili inafunguliwa kamba. Hakuna aliyemwambia asipande. Hakuna aliyemsogezea nafasi pia. Mselem alikuwa amekaa mbele, mgongo kwake, ngoma mapajani. Kamba ikatupwa ndani, injini ikanguruma.

Alibaki gatini akaziangalia mpaka zikapotea kuelekea Mkanda. Hakujua aende wapi. Akatembea mpaka mwisho wa gati, akarudi, akaenda tena, wapagazi wakampisha na mikokoteni yao.

"Bwana Husseini."

Mwalimu Cherono alikuwa amesimama kwenye ngazi za juu, mkono ameunyoosha.

"Hiyo karatasi ni yangu," alisema. "Nahitaji kuiambatanisha na ripoti."

Husseini akaitoa. Ilikuwa imelowa jasho na pembe moja imekatika. Akapanda ngazi mbili, akampa mkononi.

"Mwalimu, niwie radhi. Wallahi—"

"Siku tisa," alisema Cherono. Alikuwa amekasirika, na haki yake. "Siku tisa, Bwana Husseini. Nimejichunguza mpaka nikaanza kuogopa akili yangu. Usiniambie niwie radhi leo. Niulize siku nyingine."

Akaifungua karatasi juu ya kijitabu, akaisoma yote, mstari kwa mstari, kama ambavyo angeisoma kivulini siku ile. Akatoa kalamu nywelini. Chini kabisa, penye nafasi ya refa, akaandika tarehe ya leo, akaangalia saa yake, akaandika saa saba na dakika kumi, akatia sahihi.

"Haya," alisema. "Sasa umenipa."

Akaikunja, akaitia kijitabuni, akaenda zake upande wa shuleni kwa ile hatua yake nyepesi. Husseini alimtazama mpaka akakata kona. Kisha akakaa, hapo hapo kwenye ngazi za gati, jua likimpiga utosini, na safari hii hakusimama.